Bi Muhiba Haketi

Jumatatu asubuhi, kabla ya kengele ya kwanza, Annah Nabwire alisimama mbele ya ubao wa matangazo wa chuo, mkoba wake wa mikasi kwapani, akasoma kwamba wafanyakazi wote wenye nia ya kujifunza huduma ya kwanza walitakiwa kufika ukumbini Ijumaa iliyopita bila kukosa. Chini yake kulikuwa na tangazo jingine. Wanafunzi wa mwaka wa pili walikaribishwa kutembelea kiwanda cha nyuzi, basi lingeondoka Jumamosi iliyopita saa mbili kamili, na watakaochelewa wasimlaumu mtu. Annah aliyasoma yote mpaka kwenye sahihi, akafuta vumbi la kioo kwa kiganja, akaenda darasani kufundisha kola.

Chuo hicho cha ufundi kilikuwa Baba Dogo, nyuma ya kiwanda cha sabuni, hata walimu wa useremala walirudi nyumbani wakinukia kama waliotoka kufua. Ubao wake ulikuwa na kioo na kufuli, na ufunguo ulining'inia kwenye mshipi wa Bwana Phares, naibu wa mkuu wa chuo, pamoja na ufunguo wa choo cha wafanyakazi. Ule wa choo haukuwa mgumu kuupata. Habari za nafasi na shughuli zilifika chuoni mapema, zikalala kwenye droo ya Bwana Phares mpaka siku zake zipite, kisha zikabandikwa kwa uangalifu mkubwa, pini nne kila karatasi, bila hata kona moja kujikunja. Mwenyewe alikuwa na sababu zake. Tangazo likitoka mapema huleta msongamano, alisema, na msongamano huleta maswali. Waliohitaji kujua walikuwa wameshajua, kwa sababu aliwaambia yeye mwenyewe nyumbani kwake kwenye chakula cha Jumapili. Wengine wote waliuzoea ubao. Waliusoma kama watu wanavyosoma habari za vifo gazetini, wajue tu ni nini kilichopita.

Annah alikuwa mwalimu msaidizi wa ushonaji. Alifundisha sawa na walimu kamili na pengine kuwazidi, lakini usaidizi haukumtoka, kwa kuwa hakuwa na ile kozi ya mwaka mmoja inayofundishwa Mombasa. Kila mwaka chuo kilipewa nafasi mbili za kozi hiyo. Mwaka juzi Annah alisoma habari zake kwenye kioo zikiwa zimeshapoa. Mwaka jana vivyo hivyo. Na waliotimiza miaka thelathini na mitano hawakupokelewa, naye angeitimiza Desemba hii. Hakulia wala hakugombana na mtu. Lakini siku nyingine alizunguka kwa nyuma ya karakana ili asiuone ule ubao.

Alipanga chumba Umoja, uani kwa Kadija. Nyumba ya Kadija ilikuwa kama nyumba nyingi za mtaa ule: ilijengwa ndogo na halmashauri, kisha wenyewe wakaiongeza chumba huku na chumba kule mpaka uwanja ukaisha. Kadija alikuwa binti wa Bi Muhiba, na Bi Muhiba ndiye aliyekuwa mwalishi wa Umoja.

Kwa watu wa pwani walioishi mtaani hapo, kadi ya harusi ilikuwa karatasi tu. Mtu hajaalikwa mpaka mwalishi afike mlangoni kwake, apige hodi, na amwambie kwa mdomo wake. Nyumba isiyopitiwa na mwalishi haiji, na ina haki ya kununa mpaka wajukuu. Bi Muhiba aliifanya kazi hiyo tangu mtaa ulipofunguliwa, na alijivunia jambo moja: hapakuwa na mtu Umoja aliyewahi kusema hakualikwa. Asubuhi aliuza mahamri kwenye lango la chuo, na hapo ndipo alipowaona wageni wa shughuli za chuo wakiingia na kutoka bila kukuta watu. Kadija naye aliwahi kutaka nafasi ya uuguzi. Aliisoma kwenye kioo, siku mbili baada ya kupita. Siku hiyo Bi Muhiba aliacha beseni la mahamri, akaenda kusimama mbele ya ule ubao, akautazama kwa muda, akasema kwamba shughuli ya watu haialikwi kwa kioo. Kisha akarudi kuuza.

Bi Muhiba alifariki baada ya mvua za masika. Alizikwa Kariokor, na arobaini yake ikasomwa vizuri, watu wakala wakashiba. Siku ya pili yake, baada ya sala ya alasiri, Bi Muhiba alikuja kwa miguu kutoka upande wa barabara ya Outer Ring, buibui lake limepigwa pasi na miguuni amevaa kubadhi zake za ngozi, akaanza kupita nyumba kwa nyumba.

Hakualika harusi. Alialika mambo ya chuo. Aliwaalika vijana wa ufundi wa magari kwenye mtihani wa kuajiriwa gereji moja kubwa, na wasichana wa upishi kwenye mashindano ya keki, na mlinzi wa usiku kwenye darasa la watu wazima. Alitaja siku, saa na chumba, akaaga. Mzee Haji wa duka alilalamika kidogo kwamba siku hizi anapita bila kununua chochote. Sheikh Abdurahim aliulizwa, akajibu kwamba hamdhuru mtu na analoalikia ni la kheri, basi aachwe, ila Ijumaa apumzike. Tangu hapo Ijumaa akawa hapiti.

Walioalikwa walikwenda. Bwana Phares akiwaona wamejaa mlangoni hakuuliza wamejuaje, kwa sababu swali hilo lina mkia mrefu. Aliagiza mabenchi yaongezwe, akawapa wa kwake viti vya mbele, na Jumatatu akabandika tangazo kama kawaida.

Mlango wa Annah peke yake ndio uliopitwa. Alasiri baada ya alasiri alimsikia Bi Muhiba akipiga hodi kwa jirani wa kulia, kisha kubadhi zinapita mbele ya chumba chake kama panapita ukuta, kisha hodi kwa jirani wa kushoto. Mwisho hakuvumilia, akamwendea Kadija jikoni.

"Dada Kadija, mimi nimemkosea nini mama yako?"

Kadija alikuwa akikuna nazi. Hakuinua kichwa.

"Hujamkosea, Mwalimu. Chumba chako nilikijenga baada ya yeye kufa. Mama anaalika milango aliyokuwa akiijua. Kwake yeye hapo ni uwanja."

"Sasa?"

"Sasa tutamwonyesha," alisema Kadija, akaendelea kukuna.

Ilikuwa Jumatatu hiyohiyo ya tangazo la huduma ya kwanza. Bi Muhiba alipoingia uani, Kadija alimshika mkono kwa adabu, akampeleka mpaka mbele ya chumba cha Annah. Bi Muhiba aliupapasa ule mlango wa mabati, juu na chini.

"Hapa palikuwa na mndimu," alisema.

"Tuliukata, Mama. Kuna mpangaji. Mwalimu wa kushona, atoka Busia."

"Na mpangaji ni mtu," alisema Bi Muhiba, kwa sauti ya kumsuta binti yake, akapiga hodi.

Annah alikuwa nyuma ya mlango muda wote. Alifungua.

"Wasalimiwa sana, mwanangu, na waalikwa. Mahojiano ya kozi ya Mombasa. Kesho kutwa, Jumatano, saa nne asubuhi, maktaba. Nafasi ni mbili. Uje, usikose."

Kadija alisharudi kwenye nazi yake. Annah aliusukuma mlango ukawa wazi wote. Miaka mitatu alikuwa akililia neno hilo, na sasa limeletwa mpaka mlangoni na mtu aliyetembea kutoka Kariokor. Furaha ilimjaa mpaka akafanya lile alilofundishwa na mama yake tangu hajui kusema vizuri. Alivuta kigoda, akakipangusa kwa kanga, akasema, "Karibu ndani, Mama. Keti kidogo, chai iko motoni."

"Mimi siketi, mwanangu. Nina nyumba nyingi."

"Kwetu mgeni haondokei mlangoni. Atakayesikia atasema nimekufukuza."

Bi Muhiba alikitazama kile kigoda. Hakuna aliyemwambia aketi tangu alipozikwa, na hata kabla ya hapo, akiwa kazini, hakuna aliyethubutu. Miguu ilikuwa inamuuma. Akavua kubadhi, akaziweka sambamba karibu na mlango, akaketi.

Alikunywa chai ya maziwa bilauri mbili, sukari mbili mbili, akatafuna njugu za kuchemsha. Alisema chai ya watu wa Busia ni uji uliokosa unga, lakini akasukuma bilauri ijazwe tena. Alimwuliza Annah juu ya kwao, juu ya mama yake, kwa nini hana mume, na kama ni kweli kwamba kule watu wana ng'ombe wengi kuliko viti. Annah alicheka na kujibu kila kitu. Waliongea mpaka adhana ya magharibi ikasikika. Bi Muhiba aliiweka ile bilauri chini, akavaa kubadhi na kutoka kwa haraka ya mtu aliyekumbuka sufuria motoni. Muda huo ndio wa kurudi Kariokor, na hakuwahi kuchelewa.

Kadija aliingia baadaye kuazima makaa. Akaona kigoda katikati ya chumba na bilauri sakafuni.

"Mwalimu. Umemketisha?"

"Nimempa chai. Kwani kuna ubaya?"

Kadija alifunika mdomo kwa mtandio. Kisha akaeleza bila kupandisha sauti. Mwalishi haketi. Akiketi, mzunguko umevunjika papo hapo, na nyumba zilizobaki zinahesabiwa zimerukwa makusudi. Lawama haimwendei mwalishi. Inakwenda kwa nyumba iliyomketisha.

"Alikuwa amebakisha akina nani?"

"Upande wa pili wa mtaro. Mwalimu Masinde wa kuchomelea, na yule Nthoki wa upishi. Hao ndio wa chuo."

"Si kesho atamalizia?"

"Mzunguko uliovunjika hamalizi yeye. Anamaliza aliyemketisha. Ndivyo ilivyo kwetu." Kadija alichota makaa yake, akafika mlangoni, akageuka. "Lakini wewe si wa kwetu. Sikulazimishi."

Annah alibaki peke yake, na mambo yalikuwa wazi kama chapati mezani. Nafasi zilikuwa mbili. Moja ilikuwa ya shemeji wa Bwana Phares, bwana mmoja aitwaye Ngigi ambaye alitunza stoo ya matairi na hakuwa amefundisha hata kufunga kamba. Hiyo ilijulikana. Ilibaki moja. Masinde alikuwa na vyeti zaidi yake. Nthoki alikuwa na mdomo ambao hata Bwana Phares aliuogopa, na mbele ya wahojaji mdomo ni mali. Wengine walioalikwa kabla yake hawakumtisha; hao wawili wasipoambiwa, nafasi itakuwa yake. Akiwaambia, atakuwa anajitilia mchanga kwenye kitumbua chake mwenyewe, na Desemba haitamngoja mtu.

Aliamua kunyamaza. Aliinuka asogeze kigoda apate kupika.

Kigoda hakikusogea. Alikisukuma kwa mguu, kisha kwa mikono miwili. Kilikuwa kigoda cha mbao nyepesi alichokinunua Gikomba, na alasiri hiyohiyo alikuwa amekivuta kwa mkono mmoja. Alimwita Kadija. Kadija akajaribu upande wake, akahema, akasema, "Mzito Mama, tangu zamani," akaenda zake kugeuza mchuzi. Annah aliona basi, ugali anaweza kuula akiwa ameketi palepale kilipo. Akajishusha polepole. Alihisi amekaa mapajani mwa mtu. Aliinuka upesi, akaomba radhi, akasimama katikati ya chumba chake bila pa kwenda.

Alivaa sweta, akatoka. Mwanga ulikuwa bado upo kidogo, redio zilikuwa zikitaja habari za saa moja, na kwenye mtaro watoto walikuwa wakiitwa wakaoge.

Alimkuta Nthoki anachambua dengu barazani. Annah alifungua mdomo akitaka kusema kwa namna yake, lakini kilichotoka kilikuwa cha Mombasa kabisa, lafudhi na vyote.

"Wasalimiwa sana, na waalikwa. Mahojiano ya kozi, kesho kutwa, saa nne, maktaba."

Nthoki alimtazama juu ya ungo. "Unaalika wewe siku hizi?"

"Leo tu."

"Umetumwa na nani?"

"Na shughuli yenyewe."

"Sawa," alisema Nthoki. "Nitavaa ile sketi ya bluu." Akaendelea na dengu.

Kwa Masinde haikuwa rahisi hivyo. Patrobas Masinde alitoka Bungoma, na mlangoni kwake mgeni hakuwa na uhuru. Alimsikiliza Annah mpaka mwisho, akapokea mwaliko, kisha akavuta kiti.

"Asante, Masinde. Leo siketi."

"Nabwire. Unakuja kwangu jioni, mke wangu yupo, chai ipo, unaniambia hukai? Kiti changu kina kunguni?"

Annah aliona aibu mpaka masikio yakamwaka. Alijua fika anachomfanyia, angefanyiwa yeye angelala hajakula. Akamweleza habari za mwalishi, za kigoda, za uzito. Masinde alikuna kidevu. Aliingia ndani, akarudi na kikombe.

"Hajasema usinywe. Amesema usikae. Kunywa hapohapo mlangoni, tusitukanane."

Annah alikunywa akiwa amesimama, mguu mmoja ndani na mmoja nje. Masinde alimtazama akinywa.

"Nafasi ni mbili?"

"Mbili."

"Na moja ni ya Ngigi."

"Ndiyo."

"Halafu wewe mwenyewe unaenda."

"Naenda."

"Kwa hivyo umetoka kwako, ukavuka mtaro, ukaja kuniita nishindane na wewe."

"Nimetumwa, Masinde," alisema Annah, na moyo ulimuuma kwelikweli, kwa kuwa alitamani vyeti vya Masinde visiwepo duniani. Alirudisha kikombe. Masinde alikipokea kwa mikono miwili.

Aliporudi chumbani alikiinua kigoda kwa kidole kimoja, akakiegemeza ukutani. Alipika, akala akiwa ameketi. Kesho kutwa ilikuwa bado mbaya kama ilivyokuwa, hata zaidi, lakini alilala fofofo, jambo ambalo hakulitegemea.

Jumatano saa nne wageni watatu kutoka Mombasa walikuwa wameketi maktaba, na mbele yao Bwana Phares alikuwa amepanga kiti kimoja. Ngigi alikuwa amekikalia, na suti yake mpya bado ilikuwa na uzi mweupe begani. Walipoingia Annah, Nthoki na Masinde, na nyuma yao walimu wengine wanne ambao Bi Muhiba aliwafikia kabla ya kuketi, Bwana Phares aliwatazama mmoja mmoja, akatoka, akarudi na benchi la karakana akilivuta mwenyewe.

Mkubwa wa wale wageni alikuwa mama wa makamo aitwaye Mirriam, mwenye miwani ya kamba. Alifurahi.

"Kila mwaka tunamkuta mtu mmoja tu hapa. Nafasi ya pili inarudi Mombasa tupu. Tulidhani chuo hiki hakina walimu."

Annah alisikia neno hilo likimwingia kama sindano chini ya ukucha. Miaka yote ile kiti cha pili hakikuwa cha mtu yeyote. Hakikupewa hata shemeji. Kilirudishwa tu.

"Wana haya," alieleza Bwana Phares. "Walimu wetu wana haya sana."

Mama Mirriam alimwuliza kila mmoja kazi yake na sababu ya kutaka kozi. Annah alipewa kitambaa na mikasi, akakata kola mbele yao bila kuchora, kwa sababu chaki aliisahau kwa woga. Alipomaliza, yule mama aliinua kalamu.

"Na habari za mahojiano ulizipataje?"

"Nilialikwa."

"Na nani?"

"Na marehemu Bi Muhiba."

Mama Mirriam aliandika "kwa mdomo," akamwita anayefuata.

Matokeo yalisomwa mchana huohuo, chini ya veranda. Jina la kwanza lilikuwa la Ngigi, na lilikuwa limepigwa taipu huko Mombasa wiki iliyopita. Mstari wa pili ulikuwa wazi, kama ulivyokuwa wazi kila mwaka, na safari hii umeandikwa kwa kalamu: Annah Nabwire.

Kwa nini yeye, kila mtu alikuwa na lake. Walimu wa ushonaji walisema ni kola. Nthoki alisema yeye mwenyewe alijibu kupita kiasi, na wahojaji hawapendi kuchoshwa; hakumsemesha Annah mpaka Ijumaa, halafu akamletea chupa ya achari ya ndimu. Kadija alisema hakuona kilichokuwa cha ajabu. Annah mwenyewe hakutafuta sababu. Alikwenda nyuma ya karakana, kwenye ile njia yake ya kuukwepa ubao, akajiinamia akalia kwa raha, kisha akapangusa uso kwa kile kitambaa cha kola.

Masinde ndiye aliyemkuta hapo. Annah alianza kumpa pole.

"Acha pole," alisema Masinde. Aliketi juu ya mtungi mtupu wa gesi, akanyoosha miguu, na uso wake ulikuwa mwepesi kuliko Annah alivyowahi kuuona. "Miaka yote nimekuwa nikishindwa na sijashindana. Leo nimeketi kwenye benchi, nimeulizwa, nimejibu, nimeshindwa. Nitakwenda nyumbani nimwambie mke wangu nimeshindwa na nani. Mwaka ujao niite tena."

"Nitakuwa Mombasa."

"Basi yeye aniite. Na sisi tutampa chai."

Jumatatu asubuhi, kabla ya kengele, Annah alipita moja kwa moja mbele ya ubao. Bwana Phares alikuwa amefungua kioo na anahangaika, karatasi mkononi, pini mdomoni.

"Mwalimu, nishikie hizi."

Annah alishika pini. Bwana Phares alilinyoosha tangazo, akarudi nyuma hatua moja kulipima, akalinyoosha tena. Lilisema kwamba wafanyakazi wote wanaotaka kozi ya Mombasa walitakiwa kufika maktaba Jumatano iliyopita, saa nne asubuhi, na kwamba nafasi ni mbili. Alichomeka pini moja, akaomba ya pili. Annah akampa zote nne, moja baada ya nyingine. Chini ya mkono wa Bwana Phares, droo ya ofisi yake ilionekana kupitia dirishani, imejaa mpaka haikufungika.

"Imekaa sawa?"

"Imekaa sawa, Bwana Phares."

Alifunga kufuli, akashukuru, akaenda. Annah alilisoma tangazo lote mpaka kwenye sahihi. Alifuta vumbi la kioo kwa kiganja, kwa mazoea, akaingia darasani.

Alasiri yake alikuwa mlangoni kwake mapema, bilauri imejaa, sukari mbili. Kigoda alikuwa amekificha chini ya kitanda. Bi Muhiba aliingia uani, akamwalika jirani wa kulia, akaja moja kwa moja kwenye mlango wa mabati bila kuonyeshwa, akapiga hodi.

"Wasalimiwa sana, mwanangu, na waalikwa. Mkutano wa wanaosafiri, Alhamisi, saa nane, ofisi ya mhasibu."

"Nimesikia, Mama. Nitafika. Chai hii hapa, unywe ukiwa umesimama."

Bi Muhiba aliitazama ile bilauri, akamtazama Annah, akaipokea. Alikunywa mguu mmoja ndani na mmoja nje. Alipofika nusu alisema, "Maziwa mengi," akaimaliza. Annah alimwambia kwamba mwezi ujao atakuwa Mombasa, na kwamba bilauri atamwachia Kadija. Bi Muhiba alimtajia dada yake mdogo anayekaa huko, amsalimie sana, na asimwambie kwamba miguu inamuuma.

Alipogeuka kwenda kwa jirani wa kushoto alisita. Pale palipokuwa na kamba za kuanikia nguo, fundi alikuwa ameanza kuta mbili za chumba kingine, zimefika magotini, na saruji yake ilikuwa bado mbichi.

"Kadija," aliita. "Hapa patakuwa na mtu?"

"Patakuwa na mpangaji, Mama. Baada ya Idi."

"Na mlango utakuwa wapi?"

Kadija alitoka jikoni akiwa na mikono ya unga, akaingia kati ya zile kuta mbili, akasimama, akapanua mikono kuonyesha upana. Bi Muhiba alimwangalia vizuri, kulia na kushoto, akaitikia kwa kichwa, akaendelea na mzunguko wake.